Arthur Newton na Vilima vya Natal

Methali ya Kiswahili hushauri kwamba samaki akunjwe angali mbichi. Walimu wengi wa riadha huafiki kauli hii bila kusita, kwani hutafuta wakimbiaji wao miongoni mwa vijana wa shule, na aghalabu humwona mtu aliyekaribia umri wa miaka 40 kuwa amekwisha kukauka. Arthur Francis Hamilton Newton alianza kujizoeza mbio akiwa na umri wa miaka 38. Hakuwa na mwalimu, wala hakuwa na chama kilichomdhamini. Zaidi ya hayo, hakuanza kukimbia kwa kuwa alizipenda mbio. Alianza kwa sababu alikuwa na ugomvi na serikali, na baada ya barua na malalamiko kutofua dafu, aliona kuwa miguu yake ndiyo silaha pekee iliyosalia.

Newton alizaliwa tarehe 20 Mei 1883 huko Weston-super-Mare, mji mdogo wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Akiwa angali kijana alivuka bahari hadi Afrika Kusini, kama walivyofanya Waingereza wengi wa kizazi chake, na baada ya kufundisha kwa muda akajipatia shamba karibu na Harding, kusini mwa jimbo la Natal. Humo alipanda pamba na tumbaku. Katika ujana wake aliwahi kushiriki mbio na matembezi marefu kwa kujiburudisha, ila hapakuwa na lolote katika maisha hayo ya awali lililoashiria kwamba angekuja kujulikana nje ya wilaya yake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alijiunga na jeshi, na vilipokwisha akarejea shambani.

Hapo ndipo kisa chake kinapoanza, na ni kisa chenye utata unaostahili kutazamwa kwa makini. Serikali ya Muungano wa Afrika Kusini ilikuwa imeamua kuwa eneo lililozunguka shamba la Newton litengwe kwa makazi ya Waafrika. Yeye alidai kuwa uamuzi huo ulimharibia kazi na kuishusha thamani ya ardhi aliyoitolea jasho kwa miaka mingi, na akataka alipwe fidia. Serikali haikumsikiliza. Aliandika, akalalamika, akabisha hodi katika afisi mbalimbali, lakini wapi! Hatimaye alifikia hitimisho la ajabu: kwamba mkulima asiyejulikana hawezi kusikilizwa, ilhali mtu mashuhuri hata akikohoa magazeti huandika. Ili apate sikio la umma ilimbidi awe mashuhuri, na kwa mujibu wa hesabu zake, njia ya haraka zaidi ya kupata umashuhuri katika Natal ya wakati ule ilikuwa michezo.

Msomaji wa leo, hasa aliyekulia katika nchi ambayo simulizi za ardhi ya nyanda za juu zimo vinywani mwa kila ukoo, hawezi kuupita ugomvi huu hivihivi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imewabana Waafrika, waliokuwa wengi mno kuliko makundi mengine yote, katika takriban asilimia 7 ya ardhi ya nchi yao. Sheria ya 1936 ilikuja kuongeza sehemu hiyo hadi karibu asilimia 13 tu. Newton alilia kwa ajili ya shamba moja katika nchi ambamo mamilioni walikuwa wamepokonywa mashamba bila hata kupewa nafasi ya kulia. Kilio chake kilikuwa cha kweli kwake, na huenda afisa fulani alimtendea isivyo haki; lakini yeye hakuonyesha kuwa aliyaona majirani zake Waafrika kama watu waliokuwa na dai kubwa zaidi katika udongo uleule. Kumsifu mkimbiaji huyu kusitufanye tuusahau upofu huo. Pia, upofu huo usitufanye tukane alichokifanya barabarani.

Barabara yenyewe ilikuwa ile itokayo Durban, mji wa bandari kwenye Bahari Hindi, hadi Pietermaritzburg, makao makuu ya jimbo, masafa ya takriban maili 54, yaani kilomita 87 hivi. Tarehe 24 Mei 1921, Vic Clapham, aliyekuwa amepigana katika kampeni ya Afrika Mashariki, alianzisha mbio katika barabara hiyo kuwakumbuka wenzake waliofia vitani. Mbio hizo ziliitwa Comrades, yaani mbio za maswahiba wa vita. Wakimbiaji 34 tu ndio walioanza mwaka huo wa kwanza, na mshindi, Bill Rowan, alitumia saa 8 na dakika 59. Masafa hayo peke yake yanatosha kumtisha mtu, lakini mkimbiaji wa Comrades hushindwa na vilima kabla ya kushindwa na masafa. Barabara hupanda kutoka usawa wa bahari hadi kimo cha takriban mita 870, na kati ya miji hiyo miwili vimepangana vilima vitano ambavyo majina yake hutajwa na wakimbiaji kama majina ya mahasimu wa zamani: Cowies, Fields, Botha's, Inchanga na Polly Shortts. Upande mmoja wa njia ni Bonde la Vilima Elfu, ambako ardhi imejikunjakunja hadi upeo wa macho. Mwaka mmoja mbio huanzia Durban na kuitwa za kupanda. Mwaka mwingine huanzia Pietermaritzburg na kuitwa za kushuka. Jina hilo la pili lina hila ndani yake, maana vilima ni vilevile, na kuteremka kwa muda mrefu huyavunja mapaja hata kuliko kupanda.

Siku ya kwanza ya Januari 1922 Newton alitoka nyumbani kwake na kukimbia maili mbili. Miguu ilikakamaa, na ilimbidi apumzike kabla ya kujaribu tena. Alikuwa amebakiwa na miezi isiyotimia mitano kabla ya siku ya mbio. Mtu mwingine angaliona kuwa jambo hilo halielekei na kulisamehe. Yeye alilichukua kama mkulima anavyochukua shamba lenye magugu: hakulishambulia lote kwa siku moja. Aliongeza masafa kidogo kidogo, akakimbia polepole, akarudi kesho yake na keshokutwa. Alipoona kuwa mbinu zilizosifiwa na wajuzi wa wakati huo zinamchosha bila kumfaidi, aliziacha. Wajuzi hao waliamini kuwa mkimbiaji atembee sana, akimbie kidogo, na akikimbia akimbie kwa kasi. Newton aliupindua utaratibu huo juu chini. Aliamua kukimbia kila siku, mbali, na kwa mwendo ambao ungemwezesha kuendelea bila kuhema.

Tarehe 24 Mei 1922, siku nne baada ya kutimiza umri wa miaka 39, alisimama kwenye mstari wa kuanzia mjini Durban. Miongoni mwa washiriki hakuna aliyemtia maanani. Wenzake walipochomoka kwa kasi aliwaacha waende. Aliwaona baadaye, mmoja mmoja, vilimani, wengine wakitembea, wengine wamejishika viuno. Aliingia Pietermaritzburg wa kwanza baada ya saa 8 na dakika 40.

Mwaka uliofuata mbio zilikuwa za kushuka, na ndizo zilizomtoa Newton katika orodha ya washindi wa kawaida. Alizimaliza kwa saa 6, dakika 56 na sekunde 7. Tukikumbuka kwamba Rowan alitumia karibu saa 9 katika njia hiyohiyo mwaka 1921, tutaona kuwa mkulima huyu wa miaka 40 alikuwa amekata zaidi ya saa mbili nzima kutoka rekodi iliyokuwepo. Ni nadra katika historia ya riadha kwa rekodi kuporomoka kwa kiasi hicho. Alishinda tena mwaka 1924 na mwaka 1925, mara hii ya mwisho kwa saa 6, dakika 24 na sekunde 45. Baina ya ushindi huo alivunja rekodi ya dunia ya maili 50, na mwishoni mwa mwaka 1924 akasafiri hadi Uingereza kujaribu barabara ya kutoka London hadi Brighton, ambako rekodi ya Len Hurst ya mwaka 1903 ilikuwa imedumu kwa zaidi ya miaka 20. Jaribio lake la kwanza liliivunja rekodi hiyo, ila halikumridhisha. Akarudia muda mfupi baadaye na kufika kwa saa 5, dakika 53 na sekunde 43, takriban dakika 39 chini ya muda wa Hurst.

Yafaa kutua hapa na kuutazama mwili huu uliofanya mambo hayo, kwani haukuwa mwili wa kustaajabisha. Hakuwa na hatua ndefu za swala. Alikimbia kwa hatua fupi, miguu ikikaribia kuburura ardhi, mikono ikiwa imetulia, kama mtu anayehofu kupoteza hata tone moja la nguvu. Alikuwa mvutaji wa kiko, jambo litakalomshangaza mwanariadha wa leo. Katika mbio ndefu alitegemea maji ya ndimu yaliyotiwa sukari na chumvi, kinywaji alichojitungia mwenyewe miongo kadhaa kabla ya makampuni kuanza kuuza vinywaji vya aina hiyo katika chupa za rangi. Siri yake, kama palikuwa na siri, ilikuwa katika daftari. Aliandika kila maili aliyokimbia. Kati ya mwaka 1922 na 1935 jumla ya masafa hayo ilifika maili 102,735. Ukiigawa idadi hiyo kwa miaka 14, unapata wastani wa maili 20 kwa siku, mvua inyeshe, jua liwake.

Isitoshe, alikuwa mtu wa kufikiri. Katika vitabu vyake, kikiwemo Running cha mwaka 1935 na Commonsense Athletics cha mwaka 1947, alieleza kwa lugha ya kawaida kwa nini alifanya alivyofanya. Alishikilia kuwa masafa yatangulie kasi. Kwamba mwili uzoeshwe mfululizo mwaka mzima badala ya kuamshwa majuma machache kabla ya shindano. Kwamba mazoezi yasigeuzwe mashindano, kwa kuwa anayejipima kila wiki huula mtaji wake. Kwamba mkimbiaji apunguze kazi siku zinazokaribia mbio ili afike akiwa na njaa ya barabara. Aliamini pia kuwa akili huchoka kabla ya misuli na kwamba nayo yapaswa kufundishwa. Mengi ya hayo leo huonekana kuwa ya wazi, na ndiyo sababu ni rahisi kusahau kwamba palihitajika mtu wa kuyasema kwanza. Tim Noakes, daktari na mtafiti wa Cape Town ambaye kitabu chake Lore of Running kilitoka mara ya kwanza mwaka 1985, alimpa Newton nafasi kubwa na kumhesabu miongoni mwa waasisi wa mazoezi ya kisasa ya masafa marefu.

Je, vipi kuhusu shamba? Hapa pana kejeli kubwa ya maisha yake. Mpango wake ulifaulu kikamilifu katika sehemu ya kwanza: alipata umashuhuri, magazeti ya Natal yalimwandika, watu walijipanga kando ya barabara kumshangilia. Sehemu ya pili haikufaulu. Serikali haikubadilisha msimamo ukamridhisha. Mwaka 1925, akiwa bingwa mara nne, aliihama Afrika Kusini kwa uchungu na kufunga safari ya kwenda Rhodesia. Na kwa kuwa hakuwa na fedha, na pengine kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kuususa mji, alitoka kwa miguu, masafa ya mamia ya maili kuelekea kaskazini. Alihamia Bulawayo. Ugomvi uliomtia barabarani ulikuwa umekwisha kwa kushindwa kwake, na kwa mantiki ya kawaida mbio nazo zingekwisha. Hazikukwisha. Mtu aliyekuwa ameanza kukimbia kama mbinu tu alijikuta hana tena hoja ya kuitumikia, na bado kila siku alifunga viatu na kutoka.

Alirudi Natal mwaka 1926 kwa ajili ya Comrades, na kwa mara ya kwanza akashindwa. Harry Phillips alimtangulia, naye akawa wa pili. Alikuwa na umri wa miaka 43, na wengi walidhani kuwa jua lake limekuchwa. Mwaka 1927 alirejea tena na kushinda kwa saa 6, dakika 40 na sekunde 56, ushindi wake wa tano. Julai ya mwaka huohuo alikimbia maili 100 kutoka Gwelo hadi Bulawayo kwa saa 14 na dakika 43. Januari 1928, katika baridi ya Uingereza, alirudia masafa hayo katika barabara ya Bath hadi London na kuupunguza muda huo hadi saa 14, dakika 22 na sekunde 10.

Wakati huo mfanyabiashara mmoja wa Marekani, C. C. Pyle, alikuwa akitangaza mbio za kuvuka bara zima kutoka Los Angeles hadi New York, zaidi ya maili 3,400, kwa zawadi nono ya fedha. Kushiriki kulimaanisha kuuacha uanariadha wa ridhaa na kutorudi tena, kwani sheria za siku zile hazikumsamehe aliyekimbia kwa malipo. Newton, ambaye hakuwa na shamba wala akiba, alikubali. Tarehe 4 Machi 1928 wakimbiaji 199 walianza safari hiyo. Walilala katika mahema, wakala chakula duni, wakavuka jangwa la California na milima ya Arizona. Newton, mmoja wa wazee wa msafara, aliongoza kwa saa kadhaa katika siku za mwanzo. Kisha mguu ukamsaliti. Alilazimika kujitoa kabla ya kuimaliza Arizona. Badala ya kurudi nyumbani alibaki na msafara akiwa mshauri wa waliobaki barabarani, na ni 55 tu kati yao waliofika New York. Mwaka uliofuata alijaribu tena, safari hii kutoka mashariki kwenda magharibi. Gari lilimgonga akiwa barabarani na bega lake likavunjika. Pyle naye alifilisika, na zawadi za mwaka huo hazikulipwa.

Mtu angalitarajia machungu. Badala yake, kilichotoka katika miaka hiyo miwili ya mikosi kilikuwa urafiki. Peter Gavuzzi, Mwingereza mdogo wake kwa zaidi ya miaka 20, alikuwa ameshindwa mbio za mwaka 1929 kwa chini ya dakika tatu baada ya safari ya zaidi ya miezi miwili. Mzee na kijana huyo waliungana wakawa jozi. Walizunguka Marekani na Canada wakishindana popote palipokuwa na mkataba, iwe katika mbio za kupokezana za siku nyingi, iwe dhidi ya farasi, iwe kwa viatu vya theluji. Kazi ya aina hiyo haikuwa na heshima machoni mwa vyama vya riadha, na wanahistoria wengi huipita kwa haraka. Hata hivyo humo ndimo Newton alimotenda jambo ambalo huenda ndilo kubwa zaidi katika rekodi zake. Mwaka 1931, mjini Hamilton, Ontario, akizunguka na kuzunguka ndani ya ukumbi, alikimbia maili 152 na yadi 540 katika saa 24. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Alirejea Uingereza, na mwaka 1934, akiwa na miaka 51, aliiendea tena barabara ya Bath. Maili 100 alizimaliza kwa saa 14 na dakika 6. Hiyo ina maana kwamba akiwa na miaka 51 alikuwa na kasi kuliko alivyokuwa na miaka 44. Baada ya hapo aliona inatosha, akastaafu mashindano.

Nyumba yake ya Ruislip, kando ya London, iligeuka kuwa kituo cha wakimbiaji. Waliotoka Afrika Kusini walifikia huko. Waliotoka mitaa ya karibu walikuja jioni kuuliza juu ya viatu, malengelenge na chakula. Aliwajibu wote, pamoja na barua zilizotoka mbali. Mwaka 1951 alikuwa miongoni mwa watu waliosaidia kuzianzisha mbio za kila mwaka za London hadi Brighton, na mwaka 1952 akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha wakimbiaji wa barabarani cha Uingereza. Mgeni mashuhuri zaidi aliyemjia alikuwa Wally Hayward wa Johannesburg. Hayward alikuwa ameshinda Comrades mwaka 1930 akiwa kijana wa miaka 21, akaziacha kwa miongo miwili, kisha akarudi na kuzishinda tena miaka ya 1950, 1951 na 1953. Mwaka huo wa 1953 alifika Uingereza na katika miezi michache akavunja rekodi ya London hadi Brighton, ile ya maili 100 ya barabara ya Bath, na mwishowe ile ya saa 24, alipokimbia maili 159 na yadi 562. Rekodi ya saa 24 aliyoifuta ilikuwa ya mwenyeji wake. Newton, aliyekuwa na umri wa miaka 70, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia kuifuta. Mwaka 1954 Hayward alishinda Comrades kwa mara ya tano akiwa na miaka 45, na kwa njia hiyo akamvua Newton hata sifa ya kuwa mshindi mwenye umri mkubwa zaidi.

Newton alifariki Septemba 1959, akiwa na umri wa miaka 76.

Katika uhai wake wote mbio za Comrades zilibaki za wanaume weupe. Robert Mtshali, Mwafrika, alikimbia mwaka 1935 na kufika mwisho kwa saa 9 na nusu, lakini jina lake halikuingizwa katika matokeo rasmi. Frances Hayward, mwanamke, alikimbia mwaka 1923, mwaka uleule wa rekodi kuu ya Newton, naye pia hakuhesabiwa. Mlango ulifunguliwa rasmi kwa Waafrika na kwa wanawake mwaka 1975. Tangu mwaka 2019 anayemaliza kati ya saa 9 na saa 10 hupewa nishani yenye jina la Mtshali.

Na Wally Hayward, mwanafunzi wa Newton kwa maana halisi ya neno hilo, alikuwa bado hajamaliza. Mwaka 1988, akikaribia miaka 80, alivipanda vilima vile kwa saa 9 na dakika 44, akawatangulia maelfu ya wajukuu zake. Mwaka 1989 alirudi tena, akiwa na miaka 80 kamili. Mbele kabisa siku hiyo alikuwa Sam Tshabalala, Mwafrika wa kwanza kuzishinda mbio hizo. Nyuma, Hayward alikuwa akiyumba. Alivuka mstari kwa saa 10, dakika 58 na sekunde 3, lango likiwa limebakiwa na muda usiotimia dakika mbili kabla ya kufungwa.

Karibu na Drummond, nusu ya safari kati ya miji hiyo miwili, kuna ukingo wa barabara uliobonyea kama kiti. Husimuliwa kuwa hapo ndipo Newton alipoketi kupumzika na kuvuta kiko chake alipokuwa akifanya mazoezi. Wakimbiaji wa Comrades, weusi kwa weupe, wake kwa waume, hupunguza mwendo wafikapo hapo. Wengine huchuma ua kando ya njia na kuliweka pale, humwamkia Arthur kwa jina lake, kisha hukiendea kilima kinachofuata.